Tezi Moja na Madaktari wa Barabara Nzima

Tangu nirudi, kila anayekuja kunipa pole ya safari anakaa, anakunywa chai yangu, kisha anauliza swali lile lile: "Mwalimu, ni kweli yule mzee wa Uru alimponya ng'ombe wako kwa chuma cha moto?" Hakuna anayeuliza kama mgongo wangu umepona. Hakuna anayeuliza nililala wapi. Basi nimeamua kuwaandikia ninyi rafiki zangu mambo yote kwa mara moja, na atakayeuliza tena baada ya kusoma atakunywa chai kwake.

Jibu fupi ni kwamba hakumponya. Huwezi kumponya asiyeumwa.

Jibu refu linafuata.

Kabla ya kuondoka

Mnamfahamu mdogo wangu Ndeshi, aliyeolewa Uru. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu na ng'ombe mmoja, na yule ng'ombe naye akafa masika yaliyopita kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Maneno wanayosema watu juu ya sisi wanawake wa Machame mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Pale kijijini walikuwepo walionong'ona kwamba amemmaliza mume, amemmaliza ng'ombe, sasa bado nani. Baba mkwe wake, Mzee Aloyce, aliwanyamazisha kila aliposikia, na kwa hilo namheshimu. Nalisema hili mapema, kwa sababu mbele huko nitamsema vibaya.

Nilimwahidi Ndeshi mtamba wangu Zawadi, mwenye mimba, ili watoto wapate maziwa na yeye apate samadi ya migomba yake. Nikaapa kwamba huyu hataondoka kwangu bila chanjo ya ndigana. Akaja daktari wa mifugo, binti mpole kabisa, akamchoma sindano karibu na sikio. Chanjo ile ni vijidudu vyenyewe vya ndigana, vikiwa hai, pamoja na dawa ya kuvibana visizidi nguvu, ili mwili uvijue na ujifunze kuviua. Akaniambia waziwazi kwamba baada ya siku kadhaa tezi lililo chini ya sikio linaweza kuvimba. Nisishtuke, nipime joto asubuhi na jioni. Joto likipanda sana, akianza kukohoa, akikataa majani, matezi ya begani nayo yakivimba, nimpigie simu haraka. Lakini likivimba tezi lile tu, na ng'ombe anakula na kucheua, nimwache.

Yule binti alitaka tungoje. Lakini mawingu ya masika yalishatanda, na barabara ya kwa Ndeshi mvua ikianza gari halipandi tena mpaka mvua ziishe. Tukakubaliana asafiri taratibu, apewe maji na kivuli, na mimi nisimwache hata dakika. Asubuhi ya safari tezi likawa limevimba, limekaa chini ya sikio la Zawadi kama parachichi changa. Ungedhani lilikuwa linangoja gari lifike.

Machame hadi njia panda

Safari ya Machame hadi Uru! Najua wengine mnacheka. Mtu anapanda ndege anaenda Ulaya na kurudi, mimi bado niko njiani na ng'ombe mmoja, na ni mlima huo huo mmoja.

Kumpandisha Zawadi kwenye pikapu hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa majirani, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwemo, msijifiche. Kila aliyesogea kushika kamba aliona tezi, akaacha kamba, akatikisa kichwa. Huyu ana ndigana, mkasema. Achomwe kabla ya kuondoka. Mmoja wenu, simtaji, alishaingia jikoni kwangu kutafuta mundu wa kutia motoni.

Sikatai kwamba mna sababu. Kupe wa ndigana anapenda kujificha ndani ya sikio, kwa hiyo ugonjwa wenyewe nao huanza kwa kuvimbisha tezi lile lile. Babu yangu alichoma, babu yako alichoma. Ng'ombe aliyepona walisema chuma kimemponya, na aliyekufa walisema alichelewa kuchomwa. Hakuna namna chuma kingeweza kushindwa kesi hiyo.

Dereva alikuwa Festo, kijana wa Kibosho anayefuga nguruwe na kubeba mizigo. Hatukuwa tumefika hata kanisani alipoanza kutazama kioo kila mara, si kwa ajili ya magari, bali kumtazama mgonjwa. Mwishowe akaniuliza kama kweli nina uhakika. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, mnanijua. Sikuweza kunyamaza.

Nikamwambia, Festo, ndani ya damu ya Zawadi kuna chembe nyeupe, ndizo walinzi wake. Lakini mlinzi akiwa ndani ya damu hapigani na mtu, anakimbizwa tu na mkondo. Vita vinapangwa ndani ya matezi, na ili aingie humo ni lazima ashuke. Hawezi kuruka tu, damu inakwenda mbio. Basi ndani ya tezi kuna mishipa midogo ambayo kuta zake si kama za mishipa mingine: seli zake ni nene, zimejaa, na juu yake kuna vitu vya kunasa. Mlinzi akipita ananaswa kidogo, anaachiwa, ananaswa tena, mpaka mwendo wake unapungua na anabaki kubingirika taratibu ukutani. Akiwa anabingirika anakutana na kemikali zilizopakwa pale, kama harufu ya kumwita. Akiipata ile harufu, anashika ukuta kwa nguvu na kusimama kabisa, damu imsukume isimsukume. Kisha anajibana, anapenya ukutani, anaingia ndani ya tezi. Hakuna tundu linalobaki wala damu inayomwagika.

Festo alimaliza kona kwanza. Kisha akauliza, na nguruwe je?

Nikafurahi, maana lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo. Nikamwambia kwamba kwa nguruwe kuingia ni kule kule, tofauti iko kwenye kutoka. Kwa ng'ombe, mbuzi, hata sisi, mlinzi akimaliza kazi ndani ya tezi anatoka kwa mirija ya limfu, maji yale meupe, anazunguka mpaka mshipa mkubwa karibu na moyo ndipo anarudi kwenye damu. Walinzi wa nguruwe wengi hawazunguki hivyo, wanarudi kwenye damu pale pale ndani ya tezi. Festo akatabasamu, akasema nguruwe hana mambo mengi, ndiyo maana anampenda.

Nikadhani nimempata mwanafunzi. Tulipofika njia panda akaniambia kwa upole kwamba amenielewa kabisa, ila kuchoma kidogo tu, juu juu, kusingemdhuru.

Kibosho, ambako hatukuwa na shughuli

Kwa nini tulipita Kibosho? Swali zuri, nami nilimuuliza Festo. Alikuwa na magunia ya pumba ya kumpelekea mama yake, akasema tunapita mara moja tu. Jamani, mara moja ya Festo! Tulipandisha ile barabara ya mawe, mvua ya kwanza ya msimu ikatukuta juu, na gari likazama mpaka ekseli kwenye tope jekundu, mbele ya geti la mama yake. Bahati yake. Mimi na Zawadi tukawa wageni wa nyumba ambayo hatukuwahi kuisikia.

Siwezi kusema vibaya juu ya chakula. Mama Festo alitupikia kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa vizuri, na akaleta mbege, pombe ya ndizi, ambayo nilikataa mara ya kwanza kwa heshima ya dhehebu langu, mara ya pili sikukataa. Tulitaniana Walutheri na Wakatoliki mpaka tukachoka. Kama ningekuwa peke yangu, ningekaa wiki.

Lakini jioni niliingia bandani kumpima Zawadi joto. Ninyi mnajua ng'ombe anapimwa wapi. Nikainua mkia, nikaingiza themomita, nikasimama nimeushika mkia huku nahesabu. Kugeuka, wanawake watano wa jirani wamejaa mlangoni. Mmoja akauliza, bila kucheka, kwa nini ng'ombe anaumwa sikio halafu mwalimu anatafuta homa mkiani. Hapo ndipo walipocheka, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Joto lilikuwa sawa. Niliwasomea. Nani alisikiliza? Mpaka leo naambiwa kule Kibosho wananiita Mama Mkia.

Ningevumilia jina. Sikuvumilia nilipoona Mama Festo ametia mundu kwenye makaa, kwa wema wake wote, huku akiniambia nipumzike tu, yeye atamshughulikia mgonjwa. Nikaubeba mto niliopewa, nikaenda kulala bandani kati ya Zawadi na mbuzi wawili. Mgongo wangu ndipo ulipoharibikia, kwa wale ambao hawajauliza.

Moshi mjini

Asubuhi vijana walilisukuma gari likatoka, na tukashuka mjini jua likiwa limeshakuwa kali. Festo alihitaji mafuta, Zawadi alihitaji maji na kivuli. Tukaegesha pembeni, karibu na duka la dawa za mifugo na bucha. Sikuchagua mimi mahali hapo.

Mwenye duka alitoka na kichupa kabla sijazima hata kiu ya ng'ombe. Hakuuliza chochote. Aliliona tezi, akaleta sindano. Nilipomwambia amechanjwa, akasema basi chanjo ndiyo iliyomletea ugonjwa, hivyo anahitaji dawa mbili. Nikamuuliza amepima joto? Amegusa tezi la begani? Amesikia kikohozi? Akarudi dukani kwake amenuna.

Mwenye bucha yeye hakuwa na papara. Alikuja na aproni yake, akamzunguka Zawadi polepole, akamkadiria kilo kwa macho, akataja bei. Kisha akasema neno ambalo bado linanikera nikiwa nakunywa chai.

"Mama, uza leo ukiwa na ng'ombe. Kesho utauza ngozi."

Nikamwambia, mangi, wewe unachinja kila siku, matezi haya unayajua. Akasema anayajua sana, ni mafuta mabaya, anayakata na kuwatupia mbwa. Hapo nilisimama nikaongea, na watu wakajaa, na Festo akaingia ndani ya gari akafunga kioo.

Mafuta mabaya! Nikamwambia siku za kawaida walinzi wanaingia humo kutoka kwenye damu, wanakagua kila kona kama kuna dalili ya adui wanayemjua. Kila mmoja anamjua adui wake mmoja tu. Wasipomkuta, wanatoka kwa limfu, wanarudi kwenye damu, wanajaribu tezi jingine, na jingine, maisha yao yote ni safari hiyo. Ndiyo maana tezi halivimbi: wanaoingia na wanaotoka ni sawasawa. Lakini adui akiletwa ndani ya tezi, milango ya kutokea inafungwa kwa muda. Wanaoingia wanaendelea kuingia, tena wengi zaidi, na yule mmoja anayemtambua adui anaanza kuzaliana, anakuwa wengi sana. Huo ndio uvimbe huu. Baada ya siku kadhaa milango inafunguliwa, na waliofuzu wanatoka kwenda kulinda mwili mzima.

Nikamwambia kuna uvimbe wa kweli wa ndigana pia, sikatai, ambapo vijidudu vinaingia ndani ya walinzi wenyewe na kuwafanya wazaliane ovyo kwa faida ya adui. Kwa nje vinafanana. Ndiyo maana Mungu akatupa themomita.

Mwenye bucha alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akaongeza bei.

Kupanda Uru

Barabara ya Uru ilikuwa bado inapitika, shukrani kwa Mungu na si kwa mwingine yeyote. Tulipanda kati ya kahawa na migomba, na kila tulipopunguza mwendo mtu alichungulia nyuma ya gari na kutupa pole.

Kwa Ndeshi tulipokelewa kama harusi. Watoto walimkumbatia Zawadi shingo kabla ya kunisalimia mimi. Mzee Aloyce alitoka na fimbo yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mikono yote miwili akasema Mungu amemkumbuka mkwewe. Kisha akaliona tezi. Nikamweleza pale pale, kwa kirefu, kwa adabu zote. Akaitikia kila sentensi. Ee, mwalimu. Ndiyo, mwalimu. Nikafurahi kwamba angalau mtu mmoja katika mlima huu ana masikio.

Ndeshi akanichemshia maji, nikaenda kuoga matope ya Kibosho. Nikakaa mezani, nikaletewa mtori wa moto, supu ya ndizi yenye nyama laini. Nilikuwa kijiko cha tatu niliposikia Zawadi akilia, kisha ikaja harufu ya manyoya yanayoungua.

Nilitoka na kijiko mkononi. Mzee Aloyce alikuwa bandani na mundu mwekundu kutoka motoni, anamaliza mstari wa pili juu ya tezi. Na aliyeshika kamba, aliyemkumbatia Zawadi kichwa ili asitikisike, alikuwa Ndeshi, mdogo wangu mwenyewe.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja mgeni, na ng'ombe wangu akachomwa. Nilipiga kelele, sioni aibu kusema. Nilimwambia mzee mbele ya wajukuu zake kwamba nimemlinda ng'ombe huyu dhidi ya Machame nzima, Kibosho nzima na mji wa Moshi, nikaja kumkabidhi kwa watu wake ndio wakammaliza. Nikamwambia amechoma kambi na walinzi wamo ndani. Yeye akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayelilia sindano, akasema kwa upole nikale mtori usipoe.

Ndeshi alingoja mzee aondoke. Mikono yake ilikuwa bado inanuka moshi.

"Dada, wewe utarudi Machame," akasema. "Huyu akifa, watasema tena ni mimi. Bora afe amechomwa kama ng'ombe wa kila mtu."

Nilikuwa na somo zima la walinzi na mishipa, na hilo halikuwemo.

Siku za Uru

Nikampigia daktari. Akaniambia nisafishe kidonda, nizuie inzi, nipime joto. Kuhusu chanjo, hakuniahidi kitu. Akasema siku zilizopita tangu sindano zinatosha kwa walinzi wengi waliofuzu kuwa wameshatoka ndani ya tezi, wametawanyika kwenye damu na kuingia matezi mengine, la begani, la kiunoni, yote. Lakini wangapi wametoka na wangapi wamekutwa na moto, hakuna ajuaye. Tungoje.

Mvua ikashuka kwelikweli, barabara ikakatika, nikafungiwa Uru. Basi nikakaa kwa Ndeshi wiki baada ya wiki, ninaosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, sisemi na mzee zaidi ya shikamoo. Watu walinipitia na kuniambia hasira hasara. Nikawaambia hasara ndiyo iliyotangulia.

Nyasi za ng'ombe kule juu hazitoshi. Wanawake wanashuka tambarare wanakata majani, wanayapandisha kichwani, na ndani ya majani wanapandisha kupe. Niliwaona kwa macho yangu kwenye masikio ya Zawadi, wamejipanga, wekundu, wamenona. Niliwatoa kwa mikono mpaka vidole vikauma, kesho yake wapo wengine. Hapo nilijua kwamba mtihani umefika, na msimamizi si mimi. Kila asubuhi kabla ya kuingia bandani nilisimama kwanza nje nisikilize kama anakohoa. Ndeshi naye alisimama nyuma yangu, anashikilia shuka lake, naye anasikiliza.

Kikohozi kilikuja, lakini kutoka banda la pili. Mzee Aloyce alikuwa na ndama wake wa kike, mzuri, mwenye nyota usoni, anayemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Tezi la chini ya sikio likavimba. Mzee akamchoma siku hiyo hiyo, mapema kabisa, mistari mitatu safi. Matezi ya begani yakafuata. Nilikwenda bila kuitwa, nikampima joto, lilikuwa limepita kabisa pa kupita. Nikamwambia kuna dawa mjini. Tukamtuma mtu kwa miguu, kupitia migombani, na dawa ikaja ndama akiwa ameshaanza kutoa povu puani. Tulimdunga. Alikufa mikononi mwa mzee kesho yake, mbele ya chakula alichomkatia.

Zawadi, katika banda lililo hatua chache tu, mwenye kupe wale wale, alikuwa anacheua.

Sasa sikilizeni kijiji kilivyosoma mambo hayo. Wakasema chuma cha mzee kimemponya ng'ombe wa Machame, tezi limenywea, mwangalieni! Na ndama? Ndama wakasema damu yake ilikuwa nyepesi. Watu wawili wakaleta ng'ombe wao wachomwe. Hizo ndizo habari zilizoteremka mlimani zikawafikia ninyi kabla yangu, zimeoga na kuvaa.

Wale wawili waliokuja na ng'ombe wao, Mzee Aloyce aliwaambia mkono unamuuma. Alikaa barazani anatazama banda la ndama, na mimi nilipopita na themomita yangu kwenda kwa Zawadi, aliifuata kwa macho.

Kurudi, na kilichonifuata

Mvua zilipopumua nilishuka kwa miguu mpaka penye lami, nikapata gari, nikafika nyumbani bila kuchungulia nyuma kuona kama kuna tezi. Kovu la Zawadi limekauka, mimba yake iko salama. Ndeshi alinisindikiza mpaka mtoni. Hatukuombana radhi, ila alinifungia ndizi nyingi kuliko ninavyoweza kubeba, na mimi nilizibeba zote.

Nilikuja na hasira yangu nzima nzima. Nilikuwa nimeipanga niwasimulie vizuri, kwa miezi, kila mmoja kwa zamu.

Juzi Ndeshi akafika kwangu. Kwanza akaniambia watoto wamemtengenezea Zawadi mahali pa kuzalia. Kisha akafungua kitambaa, ndani kuna jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Mzee Aloyce ndiye aliyelikata. Hakuna Mchagga asiyejua maana yake: aliyeletewa isale hawezi kukataa, kosa limekwisha hapo hapo, upende usipende. Mwanamume wa umri ule, kwa mwanamke, kwa mgeni wa Machame aliyempigia kelele mbele ya wajukuu. Nililishika jani lile nikatamani kulia, kisha nikakasirika upya, maana sasa hata hasira yangu wamenichukulia.

Ndeshi alikuwa na ujumbe pia. Mzee anaomba nimlete yule binti daktari, achanje ng'ombe wake wawili waliobaki, na wa wale jirani wawili ambao mkono wake ulikataa kuwachomea. Anajua matezi yatavimba, akasema, mwalimu ameshamweleza. Yote aliyasikia siku ile.

"Amesema wewe uje na sindano," akamalizia Ndeshi, akijizuia kucheka, "chuma atakitayarisha yeye, kiwepo tu, kama akiba."

Nimemrudishia jibu kwamba isale nimelipokea, na wiki ijayo nakuja na daktari. Lakini chuma nikikute baridi.